Usifungue Mpaka Uugue

Baba Nakijwa, mume wangu,

Barua hii siifungi. Hakuna stempu ya kuifikisha uliko, na karani wa posta pale Same ni mtu wa kucheka watu. Nimekubaliana na Mama Mchungaji kwamba ataisoma mbele ya wanawake siku ya mkutano wetu, kwa sababu wengi wana waume walio safarini, na wengine wana waume wanaotafuta viatu vya kusafiria. Wao wasikilize. Ninayesema naye ni wewe.

Nimempakata mtoto, kalamu naishika kwa mkono uliobaki. Mwandiko ukipinda usiniulize kama ulivyozoea, eti darasa la nne lote lile niliishia kujifunza kuchora nyayo za kuku.

Nataka tuikumbuke pamoja ile Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, makande yako jikoni, na Zakayo, mwenzako wa randa na msumeno, amekuja na habari zake za ng'ambo ya ziwa. Alisema reli ya huko inatafuta maseremala wa kutengeneza mabehewa, na mshahara wa mwezi mmoja unazidi bei ya kabati tatu hapa Mhezi. Shida ni moja tu, alisema: ukivuka ziwa, shilingi inakufa. Huko wanatumia faranga. Ukamwuliza faranga ina picha ya nani. Akakujibu, "Ya mtu asiyekujua." Tulicheka wote, hata Nakijwa alicheka bila kujua anacheka nini.

Halafu mkaanza kubishana juu ya namna ya kubeba fedha. Zakayo alitaka noti, zishonwe ndani ya bitana ya koti. Wewe ulisema labda hawala, ulipe posta ya Same uipokee Kigoma, mwizi wa njiani asipate kitu. Zakayo akakukumbusha kwamba hawala ikichelewa utakaa Kigoma unaisubiri, na siku hizo utakula nini. Ukamtaja tena yule Mhindi mwenye duka karibu na stesheni, aliyekuwa tayari kupokea shilingi zako akupe barua kwa ndugu yake wa Kigoma, ndugu naye akupe faranga mkononi. Ulimpenda sana yule Mhindi kwa sababu alinunua meza yako bila kubishana bei.

Mimi nilikuwa nachambua maharage, sijaulizwa. Nikasema zote hizo ni karatasi.

Unajua kilichonisemesha. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, baba yangu aliuza ng'ombe wawili kwa jeshi, akalipwa noti, zile karatasi nyembamba za wakati wa shida. Mwingereza alipoingia, baba alizipeleka bomani. Akaambiwa azirudishe nyumbani, si fedha tena. Akazirudisha. Alizitia katika mkebe wa biskuti, na mimi na dada yangu tumekua tukizichezea duka, tunauziana mchanga kwa ng'ombe wawili wa baba. Tulipocheka sana alikuwa anatoka nje.

Kwa hiyo nilikaza. Nilisema nauli ya lori mpaka Dodoma, na ya gari moshi, na chakula cha njiani, hizo beba noti, zitakwisha kabla hazijafa. Lakini ile akiba ya kukuokoa iwe kitu kinacholia kikianguka. Mlibishana nami, nikashinda. Wewe unajua nilivyoshinda: niliacha kuzungumza, mpaka makande yakapoa.

Tulikusanya senti kumi kumi zenye tundu, kidogo kidogo, sokoni na kwa majirani, hata zikatimia shilingi ishirini. Nilisokota kamba ya mkonge mwenyewe, nikazitunga zote kwenye tundu zake, nikazungushia kipande cha kaniki, nikafunga kwa lile fundo la mama yangu la kufungia kuni, ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Ulipoufunga ule mkanda kiunoni ulikuwa na uzito wa kuku wa mayai. Ukazunguka uani, mkanda ukilia kwa kila hatua, Nakijwa nyuma yako, nawe ukauliza, ukiigiza sauti ya mama yako mzazi, huyu ni mbuzi wa nani aliyefungwa kengele, mbona hajapelekwa malishoni. Mama yako akasikia kutoka ndani, akasema mbuzi huyo hata maziwa hana.

Ulivuta fundo, halikutikisika. "Na hili nani atalifungua?"

"Mimi," nikakujibu. "Wewe usifungue mpaka uugue."

Nilikuwa namaanisha pombe, Baba Nakijwa. Nilikuwa namaanisha viatu vya kung'aa, na rafiki wa kuokota njiani anayetaka umkopeshe. Sikuwa namaanisha zaidi ya hapo. Lakini nililisema kwa ile sauti yangu, nawe ile sauti ulikuwa hubishani nayo.

Ulivyoondoka na Zakayo nilisikiliza. Ulipita migomba, ukapita ndiva, lile bwawa la kumwagilia, ukashika kona ya mfereji, na kila hatua zile senti zililia, zikafifia, mwisho sikujua kama nazisikia au nazikumbuka.

Nilizisikia tena maharage yakiwa yameiva. Nilikuwa shambani, tumbo limekuwa kubwa, jua halijafika kichwani. Zililia kwenye kona ile ile ya mfereji. Sikutazama, sauti ilinitosha. Nilitupa jembe nikaenda nyumbani kwa haraka niliyoweza, nikabandika maji ya uji wako, nikamwambia Nakijwa akanawe uso kwa sababu baba yake amefika. Mtoto akaenda kunawa. Aliyeingia uani alikuwa Zakayo, bila koti, na mkanda wako ukiwa ndani ya mfuko wake wa turubai.

Yale maji yalichemka mpaka yakakauka. Hakuna aliyeyaepua.

Zakayo alitusimulia mimi na mama yako, na sikumkatiza hata mara moja. Alisema pale Kigoma, kabla ya meli, kulikuwa na mtu wa kubadilisha fedha mwenye meza yake, na pembeni maduka ya kawaida. Yeye alibadilisha noti zake. Wewe ulibadilisha noti iliyobaki. Akakwambia na mkanda nao uufungue, upewe noti dukani, kisha faranga mezani, kwa sababu ng'ambo hakuna atakayepokea shaba yenye tundu, huko senti hizo ni njuga. Ukamjibu kwamba hujaugua. Alidhani unatania. Ulipanda meli ukilia kengele.

Ng'ambo mlikuta kazi ipo lakini majina yanaandikwa mwisho wa mwezi, na ambaye hajaandikwa hatibiwi bure. Faranga zako zikaishia kwenye chakula na mahali pa kulala. Homa ilikuanza siku ya soko. Siku hiyo hiyo alipita mhunzi wa bangili, akauona mkanda, akasema atauchukua kwa uzito wa shaba. Alitaja bei mbaya, ya kuonea, lakini Zakayo alipiga hesabu akaona inatosha kukurudisha Kigoma ukiwa umelala kwenye sitaha. Akakuomba ukubali.

Zakayo aliinama alipofika hapa. Alisema, "Aliniambia, huu si ugonjwa, ni uchovu wa njia."

Siku ya nne ulimtuma akamwite mhunzi. Alipomleta, ulikuwa humjui Zakayo, sembuse mhunzi. Zakayo aliuza koti lake akakuzika, na kilichobaki kikamrudisha. Mkanda hakuuza. Alisema hakuweza kulikata fundo la mke wa mtu.

Niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, fundo likiwa kama nilivyolifunga. Hapo ndipo ulipoanza kurudi. Mlango ukisukumwa, unalia, nami nasimama. Kuku akipita chini yake, unalia, nasimama. Nimesimama na mtoto akinyonya, nimesimama na unga mikononi. Mama yako alisema tuuzike nyuma ya nyumba kwa kuwa kaburi lako hatuna. Nilikataa. Nakijwa aliniomba auvae shingoni, nikampiga, mara ya kwanza tangu azaliwe. Halafu nikauvaa mimi, nikatembea uani hatua chache, nisikie ulichokuwa unasikia njia nzima. Ni mzito, mume wangu. Hukuniambia kama ulikuwa mzito vile.

Na kila senti mle ndani ni hela nzuri kabisa. Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna. Ningeteremka nao Same siku yoyote, wangenipa chumvi, mafuta ya taa, kanga, bila mtu kuuliza swali. Kutoka hapa mpaka ufuko wa Kigoma, hakuna mahali ungefia na mkanda ule usikusaidie. Ilibidi uvuke maji ndipo nikuue.

Sasa nakuambia lililonifanya nishike kalamu. Elisaria, huyu uliyemwacha tumboni, alichemka mwili asubuhi moja. Alikataa kunyonya. Mama yako akasema tumpeleke hospitali. Nikasema ngoja kwanza. Kulipokucha tena akawa amelegea, macho nusu, na mama yako akasimama mlangoni akasema, "Mkwe wangu, mtoto anaumwa."

Nikamjibu, "Haumwi, ni meno tu."

Mama yako alirudi nyuma. Aliegemea mlango, na nyuma yake ule mkanda ukalia.

Nilijisikia nikisema. Sauti ilikuwa yangu, maneno yalikuwa yako. Niliuondoa msumarini nikaanza kulifungua fundo kwa kucha, mimi ninayelijua, mimi niliyekuambia nitalifungua. Halikukubali. Jasho lako lilikuwa limeingia ndani ya mkonge likakauka humo, likawa kama mfupa. Nilijaribu kwa meno. Lilikuwa na ladha ya chumvi. Nikalia kidogo, siwezi kukudanganya, kisha nikachukua kisu cha ndizi nikakata kamba pembeni ya fundo, na senti zikamwagika sakafuni zote kwa mpigo. Nakijwa aliziokota akiwa ametambaa chini ya kitanda. Nikapata lori la kahawa linaloteremka, nikaketi juu ya magunia, mtoto kifuani, wewe kwenye kikapu.

Hospitali, dresa, msaidizi wa daktari, alimpima akanitazama vibaya. Akauliza homa ilianza lini, nikamwambia jana asubuhi. Akauliza ni kwa nini sikuja jana.

"Nilikuwa nafungua fundo," nikamwambia.

Hakuelewa, akaandika kitu. Tulikaa pale siku tano. Nililipa dawa, nikanunua maziwa, nikalipa lori la kurudi. Elisaria ndiye huyu ananivuta kalamu. Ana masikio yako, na hasira yangu.

Tumerudi tu, mdogo wako Samweli akaja na habari kwamba naye anavuka ziwa. Alijikohoza sana, kisha akasema, "Shemeji, nipe ule mkanda wa kaka, uwe kinga yangu." Nilimwonyesha msumari mtupu. Nikamketisha nikamwambia, na nyinyi wanawake mnaosikia muwaambie waume wenu: noti kidogo ndani ya koti, shilingi nzima nzima kidogo mahali pengine, nyingine mwachie Mhindi akupe barua yake. Akiba yote usiiweke katika kitu kimoja, wala katika neno la mtu mmoja, hata akiwa mke wako. Kila kitu kibadilishe ukiwa bado upande ambao fedha yako inajulikana. Na ukihisi baridi ya homa hata kidogo tu, huo ni ugonjwa. Usimngoje mtu akupe ruhusa.

Akasema kaka asingekubali kufundishwa safari na mwanamke. Nikamwambia kaka yako alikubali, ndiyo maana hayupo. Aliinuka akaaga. Nadhani atafanya nilivyomwambia.

Baba Nakijwa, ile ruhusa yako nimekuja kuitoa sasa, nimechelewa. Fungua. Ulikuwa unaumwa. Nilipaswa kuwa pale nikuambie.

Fundo nimelitia katika mkebe wa biskuti, pamoja na ng'ombe wawili wa baba. Nyuma ya mlango hapalii kitu tena, na nilidhani nitapumzika. Lakini senti zako sasa ziko mikononi mwa watu. Nikiteremka sokoni Same nikarudishiwa chenji, kila senti kumi naigeuza, napitisha kidole kwenye tundu, naitafuta ile iliyokuwa kiunoni kwako. Wananiona kama mtu asiyewaamini. Zinafanana zote. Naifunga kwenye ncha ya kanga, napanda mlima, nayo inagongana na nyingine hatua kwa hatua mpaka kwenye kona ya mfereji, na pale nasimama kidogo, nimwache atakaye kupita apite.

Nakuaga hapa, mtoto ameanza kulia.

Ni mimi mkeo,
Mama Nakijwa, na sasa Mama Elisaria