Sahani Uliyowekewa Thornton Heath

Mama yangu kipenzi,

Tangu wakuzike bila mimi, karatasi zangu za kuishi huku kwa Waingereza zikiwa bado hazijatoka, nakuandikia kichwani tu, kwenye basi nikitoka kazini. Leo naandika waziwazi, maana sijui nimwambie nani.

Mjukuu wako Neema ameingia dini inayoitwa Wika. Niliposikia baadhi yao wanajiita wachawi, nilimkalisha chini anieleze. Alinieleza kwa Kiingereza chake, polepole kama anayemlisha mgonjwa: wanamheshimu Mungu wa kike na wa kiume, ardhi kwao ni takatifu, na amri yao kubwa ni kutomdhuru mtu. Wana sikukuu nane za kuufuata mwaka, toka jua linaporudi katikati ya baridi, mbegu zinapoamka, hadi mavuno. Mwisho wa Oktoba ni Samhain, na wanaamini siku hiyo pazia kati yetu na nyinyi huwa jepesi. Nikamwambia achague, dini hiyo au nyumba yangu.

Kabla hajafunga mizigo aliniomba jambo moja: siku hiyo ya Samhain tule na wewe, kimya, bila mtu kutamka neno. Nikakumbuka kule Korogwe, mwaka ule tulipomzika baba, ulivyokuwa ukimpakulia sahani kila Jumapili na kuifunika kwa kawa. Nilikuuliza nani ataila, ukasema, "Mtu hafi siku moja." Kisha ukaenda zako kwaya. Nikaona haya kumkatalia mtoto.

Giza la huku huingia mapema, watu bado wako madukani. Neema alizima taa, akawasha mshumaa, akakuwekea kiti, akakupakulia wali na kisamvu. Tukala. Mara nikasikia harufu ya mafuta yako ya nywele, yale ya nazi na karafuu, na maneno yakaniponyoka: "Shikamoo, mama." Nilivunja mwiko wao, lakini nani hunyamaza mama yake akiingia?

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Ilitoka kinywani mwa Neema. Neema anayekielewa Kiswahili lakini hakisemi, tena asiyethubutu kuniamkia shikamoo mimi niliyemzaa. Sauti ilikuwa yako, na kile kikohozi chako mwishoni. Nilipowasha taa alikuwa anaendelea kula, akanilaumu kwa kuongea. Yeye, alisema, hakufungua mdomo.

Sijamfukuza. Sikupata kukuaga, mama, na kukusikia kulinifurahisha mpaka naona aibu. Ila sasa kila asubuhi namsubiri aseme kitu kwa Kiingereza, ndipo nishushe pumzi. Mimi niliyekuwa nikimgombeza kwa Kiingereza hichohicho.

Desemba wana sikukuu ya jua kurudi, na anataka tukuwekee tena. Njoo, mama. Njoo ule, ukae kwenye kiti chako. Lakini mwachie mwanangu kinywa chake.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Mama Neema