Sinema Moja, Madijei Wawili

Jumapili, 4 Mei

Leo tena nyoka. Mkubwa kama basi, anameza watu mtoni, na watu wenyewe wanamfuata humohumo majini. Mama Bhoke alianza kukasirika mapema. "Wanaume wote hao na mkuki hakuna hata mmoja? Wacha wamezwe!"

Tivii ni yake, flashi yenye sinema ni yangu. Yeye ndiye mwenye nyumba, mimi nimepanga chumba cha uani. Kila Jumapili akitoka kanisani na mimi nikimaliza kufua, tunakaa sebuleni kwake. Wiki nzima nalisha mawe ya dhahabu kwenye karasha, mashine ya kuyaponda, hapa Nyangoto, vumbi mpaka ndani ya masikio. Jumapili nataka kiti chenye mto na kuona wengine wakihangaika.

Sinema yenyewe mbovu. Dijei ndiye aliyeiokoa. Lugha yao hatuijui, tunamsikia yeye tu anayeweka Kiswahili juu. Nyoka akimeza mtu, yeye anasema, "Karibu mezani, mkubwa." Bila yeye ningelala.

Jumatano, 7 Mei

Karasha liliharibika. Tumeponda kwa nyundo tangu asubuhi. Mkono wa kulia hautaki kushika kalamu.

Mke wangu Anjelina kapiga simu. Nyumbani Kasulu maharage yameiva. Akauliza nakuja lini. Nikasema baada ya mavuno. Akasema mavuno ndiyo hayo, Baba Devota. Krismasi mbili sijafika nyumbani. Kila nikitaka kuondoka kazi inanoga, nikibaki inapooza. Mke wangu hasikii tena sababu, anasikia sauti tu.

Jumapili, 11 Mei

Hii ndiyo sinema. Ya Wakorea. Hakuna ngumi hata moja.

Kuna mwanaume, dijei kampa jina la Mathayo. Anaacha mke kijijini, anakwenda mbali kuchimba njia ndani ya mlima ili treni ipite. Miaka inapita. Vumbi lile nalijua. Namna anavyokaa chini jioni na kuangalia mikono yake, hilo nalo nalijua. Mke anabaki peke yake, anabeba maji kwenye theluji, paa linavuja, analipanda mwenyewe. Mwishoni mume anarudi, ana mvi. Anavua viatu kizingitini kama desturi yao. Mke anafungua mlango. Anamwangalia sana. Halafu anasema, kwa sauti ya dijei, "Mathayo, nilijua utarudi. Mlango huu sikuufunga hata siku moja." Tunaonyeshwa viatu peke yake nje, theluji inaviangukia. Basi, imeisha.

Nililia. Mama Bhoke alijifanya kutafuta rimoti.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemsimulia Anjelina sinema yote. Vocha imeisha nikaongeza. Akauliza, "Na mke alisubiri?" Nikasema alisubiri, mlango hakuufunga. Nikaongeza kwamba mke mwema ndivyo alivyo. Akacheka kidogo. Akasema ataitafuta, wifi yake ana tivii.

Leo nitalala vizuri, hata na vumbi langu.

Jumapili, 18 Mei

Tembo anakumbatiwa na mtoto. Mtoto anamnong'oneza, tembo anatoa machozi. Mama Bhoke ana dada kaolewa Robanda, kando ya hifadhi, kila msimu tembo wanamlia mahindi wakisaza mabua. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo mtoto aletwe Robanda akawanong'oneze!" Mimi niliipenda kidogo, lakini sikusema.

Tukaweka na ya Kibongo. Watu wanaachana, wanarudiana, wanaachana, yote kwenye sofa lilelile. Hakuna anayekwenda kazini. Hata chakula hakiliwi wala vyombo havioshwi.

Jumanne, 20 Mei

Mambo yameharibika.

Anjelina ameiona ile ya Wakorea. Kapiga simu nikiwa bado na kofia ya kazi. Hakusalimia. Ya Kasulu imetafsiriwa na dijei mwingine. Kwa huyo, mwanaume anaitwa Shabani, na mke akifungua mlango anamwambia, "Shabani, umechelewa. Humu kuna mwenyewe sasa. Geuza huko ulikotoka." Naye Shabani, kwa maneno ya dijei, anaondoka peku kwa uchungu, anaacha viatu.

Nikasema dijei wao mwongo. Akasema, "Mwongo ni wewe. Umenitungia mwisho ili nikae nikungoje kama mbuzi wa kufungwa. Miaka yote hii unanipa maneno, sasa umeona maneno yako hayatoshi, umeanza kuniongopea hata sinema."

Akakata.

Sijamwongopea. Mengine nimeahidi nikashindwa, lakini hili nililiona kwa macho yangu. Nimekaa na ugali mpaka umekuwa jiwe.

Alhamisi, 22 Mei

Hapokei simu. Devota alipokea mara moja, akasema mama yuko shambani. Nilimsikia Anjelina akikohoa palepale.

Namwogopa yule mwenyewe wa kwenye sinema. Najua hayupo. Namwogopa hivyohivyo.

Mama Bhoke kaniuliza mbona nachota maji bila kuimba. Nikamwambia yote. Akasema, "Mura, mnagombana kwa ajili ya watu wawili mabishoo waliojifungia na kipaza sauti?" Mura ni kijana kwa Kikurya. Ana mjukuu wa rika langu lakini akiniita hivyo najisikia nina mtu. Kisha akawaza. "Na yule mwanamke mwenyewe, wa kwao, alisema nini?"

Hilo sikuwahi kujiuliza. Nimeangalia sinema maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Tarime mjini. Pale Nyamisangura nimezunguka vibanda vya muvi, naomba ile ya Wakorea isiyo na dijei. Wa kwanza alinicheka. "Sasa utasikia nini, baba? Kikorea?" Wa pili akasema hiyo ni kama kununua soda ya chupa tupu. Wa tatu ni mzee mwenye kofia ya kiua, anauza redio na chaja. Nikampa shikamoo. Hakucheka. Akatafuta kwenye kompyuta yake taratibu, akaikuta. Akasema hata yeye hupenda bila dijei, unaona nyuso vizuri.

Njiani nilishika flashi mfukoni kama vile ni dhahabu. Na dhahabu yenyewe ninayoiponda kila siku sijawahi kuishika hivyo.

Jumapili, 25 Mei

Tumeangalia kimya. Mama Bhoke aliwafukuza wajukuu wote.

Ni sinema nyingine kabisa. Kumbe ina upepo. Kumbe mke anaimba akibeba maji, dijei wetu aliufunika wimbo kwa maneno yake. Kumbe mume huko mlimani karibu haongei na mtu yeyote, yale mafumbo na matani yote yalikuwa ya dijei. Anakaa tu na mikono yake. Nimechoka kumwangalia kama ninavyojichoka mimi.

Tukafika mlangoni. Mke akafungua. Akamwangalia sana. Akasema neno fupi. Fupi mno. Halikuweza kubeba "nilijua utarudi" wala "humu kuna mwenyewe". Kama maneno mawili hivi. Tukarudisha nyuma. Tukarudisha tena. Uso wake haucheki, haukasiriki. Mdomo unatetemeka kidogo upande mmoja.

Mama Bhoke akaniambia nisimamishe kwenye viatu.

"Viatu viko nje?"

"Viko nje, mama."

"Na baridi ile? Hakuna mwanaume wa kuondoka peku kwenye baridi ile, hata awe na uchungu wa namna gani. Yumo ndani."

Nikaruka kutoka kitini. Nilitaka kupiga simu Kasulu palepale. Akanishika shati.

"Tulia. Kuwa ndani siyo kusamehewa. Mume wangu alipotoka mgodini Mwadui nilimfungulia mlango, nikampa chakula, halafu nikamtukana mpaka mahindi yakatoa mbelewele. Huyo mke hapo kamuuliza kama amekula. Nakuapia. Matusi yanakuja, ila hawakuyapiga picha."

Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kisha simu nikairudisha mfukoni. Mama Bhoke alimfungulia mumewe kwa sababu mume alikuwa pale mlangoni. Huwezi kumfungulia mtu aliye kwenye simu.

Jumatatu, 26 Mei

Anjelina amepokea. Nilisema haraka kabla hajakata. Nikamwambia nimeiona yenyewe, bila dijei. Wa kwetu alitunga, wa kwenu alitunga. Sikukuongopea, lakini nilichokwambia si kweli. Mke anasema neno fupi na hakuna anayelijua. Mume aliingia ndani, hilo tumelihakikisha kwa viatu.

Nikasikia kuku wetu.

Akasema, "Viatu. Mimi nilimwambia wifi, mbona viatu vimebaki."

Nikamuuliza yeye angesema neno gani.

Akasema, "Mimi siyo wa kusema kwenye simu. Njoo uvue viatu hapa, ndiyo nitajua neno gani."

Jioni nimemwambia msimamizi wa karasha natoka Ijumaa. Akasema kazi ndiyo inanoga sasa. Nikamjibu kwamba kila siku inanoga.

Ijumaa, 30 Mei

Begi dogo. Mama Bhoke kanipa unga wa mtama uliochanganywa na muhogo, kasema sisi Waha hatujui ugali. Nikataka kumwachia flashi. Akakataa. "Peke yangu nitamgombeza nani? Nenda nayo. Ukirudi na mkeo, njoo na nyingine, isiyo na tembo."

Kasema "na mkeo" kama vile jambo limeshaamuliwa. Sikumrekebisha. Chumba changu kinatosha watu wawili wakipendana. Kasema atakisafisha na hatapangisha mtu.

Basi la Mwanza lilikuwa na sinema ya kupigana. Steringi kapigwa risasi akajifunga shati akaendelea. Dijei alikuwa hodari, abiria wote wanacheka. Mimi nilikuwa naangalia midomo ya watu.

Jumanne, 3 Juni

Kasulu. Nimefika saa za kuanika nguo.

Mlango ulikuwa umerudishwa, haujafungwa. Nilivua viatu ingawa sisi hatuna desturi hiyo, na kibaraza kilikuwa na matope. Devota alianza kunikimbilia akasita, amekuwa mrefu. Anjelina akatoka na mikono yenye unga. Akaniangalia sana. Akaviangalia viatu.

Alichosema sikiandiki.

Baadaye, tukiwa tumekaa, akauliza kama flashi nimekuja nayo.