Sufu ya blanketi za kanisa

Jumanne, 14 Januari. Asubuhi manyunyu na baridi.

Sufu yote tuliyopewa kufumia blanketi za watoto wachanga wa kanisa imegandamana kama mkeka. Nilimwonyesha jirani yangu Fatiha, Mmoroko, mbele ya Maman Odette aliyekabidhiwa kuitunza. Fatiha akacheka: "Sisi Waarabu tunasema, 'Mwanamke asiyejua kazi amepata sufu.' Ni mjinga aliyepewa mali akaiharibu."

"Ndiye Odette kabisa," nikasema.

Odette hakuinua macho. "Mimi nilisema ifuliwe kwa maji baridi, kwa mikono. Nani aliiweka kwenye mashine yake, digrii soixante, sitini nzima? Bon. Jumapili utawaeleza bamaman wa kanisa wewe mwenyewe."

Fatiha akanitazama, akacheka zaidi.

Nimeandika maelezo ya Jumapili mara tatu. Yote yanailaumu mashine. Nazima taa, saa saba na robo usiku.