Neno Nililoiambia Bodi

Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la mwaka wa 1998. Sijarekebisha kitu.

Alhamisi, mwisho wa Julai. Meru.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Hapa Majengo nguo nilizoanika jana bado zinachuruzika maji, na sina nguvu ya kwenda kuzianua. Nimekaa tu kitandani na koti langu.

Leo nimesema uongo mbele ya bodi ya chuo. Ulikuwa wa neno moja, na neno hilo linamfukuza kazi Mwalimu Ireri.

Mwalimu Ireri ndiye aliyenifunza hesabu kidato cha tatu. Ndiye pia, alipohamia kufundisha katika hiki chuo cha walimu, aliyemwambia Mkuu wake kwamba yuko msichana wa Kibirichia anayejua kompyuta. Bila yeye ningekuwa shambani na mama. Miaka miwili sasa nimeitunza mashine ya Linux inayotumiwa na chuo kizima, walimu wakiandikia mitihani na wanafunzi wa kozi ya kompyuta wakijifunzia humo humo. Wananiita daktari. Nilipenda sana kuitwa hivyo.

Mkuu hana habari na kompyuta, lakini mambo ya funguo anayajua. Ufunguo wa stoo ya mahindi, wa maabara, wa ukumbi, zote ziko kwenye kabati lake, na anayechukua hutia sahihi kitabuni. Kitu kikipotea, anafungua kitabu na kumwita aliyetia sahihi mwisho. Nilipomweleza kwamba mashine ina mtumiaji mwenye mamlaka yote, aitwaye root, aliniamuru niandike neno la siri la root kwenye karatasi. Akalitia ndani ya bahasha, akaigonga muhuri, akaiweka pamoja na funguo. Nilicheka kimoyomoyo. Neno lenyewe nalijua kwa kichwa, na sijawahi kutia sahihi hata mara moja.

Wiki tatu zilizopita, kati ya barua pepe tunazozivuta kwa simu kutoka Nairobi, kulikuwa na onyo. Programu yetu ya kuchapisha ina kasoro. Inapofanya kazi hushika mamlaka ya root, hata kama anayeitumia ni mwanafunzi aliyejiunga jana, kwa sababu bila hivyo haiwezi kupanga foleni ya printa. Ukiipa jina la faili refu kupita kiasi inachanganyikiwa, na badala ya kuchapisha inakuachia yale mamlaka mkononi. Huhitaji neno la siri wala bahasha. Onyo lilikuja na mfano wa mistari michache wa kuonyesha jinsi inavyofanyika, na dawa yake pia: ondoa ile ruhusa ya root kwenye programu mpaka upate iliyorekebishwa.

Niliiondoa siku hiyo hiyo. Ni amri moja fupi.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuchapisha ila mimi, na mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa imekaribia. Walimu walijipanga mlangoni kwangu na diski zao, wakinung'unika. Sasa, hapa chuoni jambo lolote linalowasumbua watu lazima libandikwe kwenye ubao wa matangazo, pamoja na barua iliyolileta, na muhuri wa Mkuu juu yake. Maji yakikatwa, barua ya watu wa maji inabandikwa. Nami nikalichapa lile onyo, kurasa mbili za Kiingereza. Mkuu akaligonga muhuri bila kulisoma, nikalibandika.

Pamoja na ule mfano.

Sikufikiri hata kidogo. Nilitaka tu walimu waone kwamba sikuwa nawaringia.

Ijumaa Mkuu akaniita. "Kagendo, hiyo computer ni ya kazi ama ni ya kuangaliwa?" aliniuliza. "Wacha walimu waprint. Hayo mengine utaniambia tukifunga."

Ningeweza kusema ilikuwa amri ya Mkuu, na leo mchana nimejaribu kujiambia hivyo. Lakini kulikuwa na njia ya katikati, na niliijua. Ningeunda kundi la walimu, programu ikawafanyia kazi wao peke yao, wanafunzi wakafungiwa nje. Ni kazi ya dakika kumi. Mama alikuwa amenitumia habari niende tuvune waru, viazi vilikuwa vimeanza kuozea udongoni, na gari la mwisho la Kibirichia lilikuwa karibu kuondoka. Nikairudisha ruhusa kwa watu wote, nikachukua mkoba, nikaenda zangu. Onyo nililiacha ubaoni.

Jumatatu iliyofuata ikagunduliwa kwamba alama za mazoezi ya kufundisha za wanafunzi tisa zilikuwa zimepanda. Faili ya alama hizo haibadilishwi na mtu ila root. Mashine ilionyesha kwamba iliguswa Jumamosi alasiri. Mkuu akafungua kitabu chake cha funguo. Jumamosi asubuhi Mwalimu Ireri, aliyekuwa zamu, alitia sahihi na kuchukua bahasha kwa sababu foleni ya printa ilikuwa imekwama. Aliirudisha jioni. Hapakuwa na sahihi nyingine.

Nilipopata habari, kabla sijaulizwa na mtu, niliiondoa tena ile ruhusa. Kisha nikaenda ubaoni nikabandua onyo. Jioni yake nililitumia kuwashia jiko.

Ni nani kati ya wanafunzi aliyelisoma, sijui. Wenye akaunti ni zaidi ya thelathini, na wengine wana akili kunishinda.

Leo bodi iliketi. Mwalimu Ireri alivaa suti yake ya kijivu, ile ya kanisani. Alisema hakugusa alama za mtu. Walipomwonyesha sahihi yake hakubishana, alinielekezea mkono tu. "Mwulizeni Kagendo," alisema. "Yeye ndiye fundi. Kama iko njia mtu anaweza kuingia bila hiyo bahasha, atawaambia."

Mkuu akanigeukia. "Haya, daktari. Iko njia ingine?"

Nilisema hakuna.

Nimetafuta sababu tangu nitoke pale. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba nilimfikiria mama, kwamba mimi ndiye ninayemtegemeza, nikafuta. Si kweli. Niliogopa kwamba hawataniita daktari tena. Inatia aibu kuliona jambo hilo limeandikwa, lakini ndivyo lilivyo.

Saa kumi alasiri Mwalimu Ireri alibisha hodi hapa chumbani. Nilidhani amekuja kunigombeza, na nikafurahi, maana angenigombeza ningemwambia yote. Aliketi kwenye stuli, akakataa chai.

"Nimefikiria vile umesema," aliniambia. "Kama wewe umesema hakuna njia, basi hakuna. Itakuwa ni mimi niliacha mashine wazi nikienda lunch. Na unajua, nikirudi nilipata hata kiti imesongezwa kidogo."

Hakuna kiti kilichosogezwa. Ameanza kukumbuka mambo ambayo hayakutokea, kwa sababu ananiamini mimi kuliko anavyojiamini yeye. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni pole, Mwalimu.

Ameniachia barua aliyoiandika kwa mkono. Bodi imempa mpaka kesho saa mbili asubuhi. Akikiri uzembe watamfuta kazi lakini hawatampeleka polisi, naye atarudi kwao Embu na jina jema kidogo lililobaki. Ameniomba nimchapie, kwa kuwa akaunti yake imefungwa na hapa chuoni hakuna mwingine anayeweza kuchapisha ila mimi.

Nimechukua karatasi nyingine mara nne ili niandike barua yangu mwenyewe kwa bodi. Mara zote nne nimeandika Bwana Mkuu, nikaishia hapo. Najua maneno yanayofuata. Ni machache na ni ya kweli, na baada yake sitakuwa na kazi, na ushahidi wenyewe ulishakuwa majivu, kwa hiyo huenda hata wasinisadiki. Sioni wema wowote utakaotoka humo kwa upande wangu. Nimechoka mno, na moyo umekufa.

Barua ya Mwalimu nimeisoma mara tatu. Yote inaeleza kuhusu mashine iliyoachwa wazi na kiti, isipokuwa aya ya mwisho. Hapo ameandika: Naomba bodi isimlaumu Kagendo kwa lolote. Mimi ndiye niliyemleta hapa, na sijawahi kujuta.

Kutakucha tu, nitake nisitake, na nitaketi mbele ya ile mashine. Naweza kuichapa barua yake neno kwa neno mpaka nifike kwenye aya hiyo. Hiyo siwezi.