Kisu Kilichouza Vingine

Jumatatu, 4 Machi

Visu ishirini nilimpelekea Dada mwezi uliopita. Kauza vitatu. Vitatu! Wakati vile vya mpini mwekundu, vya bati tupu, anamaliza katoni nzima kwa wiki. Meza moja, muuzaji mmoja, wapita njia wale wale.

Nimepiga hesabu tena. Kimoja changu ni bei ya vyekundu vitano. Chekundu makali yanakufa kwa miezi miwili. Changu cha kwanza kabisa, nilichokitoa kwenye springi ya lori nikiwa bado nachomelea mageti ya watu, kina mwaka wa saba na kinanyoa nywele za mkono. Sasa nani kanunua ghali? Nilimweleza hivyo mwenye bucha. Kanisikiliza, kanipa na kigoda. Halafu eti: fundi, hesabu yako ni ya miaka saba, mfuko wangu ni wa leo.

Jumatano, 6 Machi

Jirani kanirudishia kisu. Alikiacha kwenye beseni la maji mpaka asubuhi, kimeota kutu. Eti nimemuuzia kibovu. Nikamwambia: mama, chuma hiki ukimaliza kazi unakifuta. Kanijibu ana watoto wanne wa kufuta, hana haja ya wa tano. Nimecheka — lakini imeniuma. Nikakisugua, kikawa kipya mbele ya macho yake. Hakukitaka tena.

Jioni Dada kapita karakana. Anasema watu hawapendi weusi wa chuma changu, wanadhani ni mtumba. Ning'arishe kimoja, kiwe kama kioo, awe nacho cha kuonyesha. Haya. Dada ndiye aliyeuza cherehani yake nikapata mashine ya kwanza. Nitamkatalia nini?

Jumapili, 10 Machi

Msasa kutwa. Vidole vimekufa ganzi. Lakini kimetoka — unaweza kujipaka wanja ukijitazama humo! Dada kakipokea kwa mikono miwili. Hiki kitauza, kasema. Nimelala vizuri kwa neno hilo.

Alhamisi, 14 Machi

Mwenye bucha kaja karakana, kafura, na kisu chekundu mkononi. Kakinunua jana kwa Dada. Alishuhudia kikikata kamba ya katani, nene kama kidole gumba, kwa mvuto mmoja. Kufika kwake, hakikati hata bamia. Anataka nimwambie kama kile cha pale mezani na hiki ni ndugu.

Chekundu kukata katani? Mvuto mmoja?

Nimefunga karakana. Nikaenda sokoni, nikajibanza kwa muuza mitumba, kati ya makoti. Dada ana umati. Mkononi kisu kinang'aa, mpini kauzungushia utepe mwekundu wa mafundi umeme. Kamba — hiyo, imekatika. Nyanya — kipande chembamba unaona jua upande wa pili. Makofi! Mikono inagombania katoni ya vyekundu. Alipokilaza mezani utepe ulikuwa umejikunja kidogo, na pale karibu na mpini nikaiona alama yangu. Jino. Ninaligonga kwa patasi, kisu kimoja kimoja.

Vyangu vingine? Hata kimoja hakikuwepo mezani.

Kwa hiyo ile Jumapili nilikuwa nasugua fimbo ya kunichapa mwenyewe. Sikupiga kelele. Ningepiga, wangesema mdogo mtu anamwonea wivu dada yake.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwendea nyumbani. Hakukana. Kaniambia kwanza kaa!

Anasema mwanzoni alivitandaza vyangu mbele kabisa. Watu wanakishika, wanakisifu, wanauliza bei, wanasema narudi. Hakuna aliyerudi. Kisu chako, mdogo wangu, kinawafanya watamani kisu. Ila si hicho. Ukiwaambia wakifute, wanaona umewapa mtoto wa kulea.

Nikamuuliza, na vile vitatu ulivyouza? Kainama, kavuta boksi kutoka uvunguni. Nikahesabu. Ishirini. Vitatu alivinunua yeye mwenyewe, kwa faida ya vyekundu. Ili nisizime tanuru.

Wanunuzi wangu watatu! Nilishawapa hadi sura. Mmoja nilimfanya mzee, anamrithisha mwanawe.

Kuibiwa ningekuzoea. Kuhurumiwa na anayeniibia — hilo sina pa kuliweka. Nimekichukua kile kinachong'aa. Kesho soko kubwa, kasema, usinifanyie hivyo. Nikamjibu: katia vyekundu vyako.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nimekalia ndoo, nyuma ya meza ya Dada.

Nilikuja kumwona akiaibika. Acha niliandike kama lilivyo. Kisu nilikuwa nacho mfukoni, utepe nimeubandua, mpini wangu wa mti uko wazi, jino linaonekana.

Kakatia chekundu. Kamba ikatafunwa kama imepewa mbuzi. Mtu kapaza sauti: mama, ichemshe kwanza! Vicheko. Ndicho nilichokifuata — na hakikuwa na utamu wowote. Dada akaniona juu ya vichwa vya watu. Hakuita. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, kama alivyokuwa akinyoosha zamani nikiogopa kuvuka barabara.

Nikampa.

Kamba ikakatika. Makofi. Mkono wake ukaenda kwenye katoni kwa mazoea, na mwanamume mmoja, mpishi wa mkahawa, aproni bado kiunoni, kasema hapana. Sitaki vya humo. Hicho hicho ulichokatia. Bei gani?

Dada kanitazama. Sema wewe, mwenye mali.

Nikataja. Bei yote, sikupunguza. Na kwamba kinafutwa. Mpishi kakipima kiganjani, kalipapasa jino kwa kidole. Kasema kizuri sana. Kasema narudi.

Watu wametawanyika. Dada anapanga vyekundu upya. Umesikia? — bila kunitazama. Nimekifuta kisu, nimekilaza mbele kabisa ya meza, mpini kuelekea njiani.

Aproni bado naiona, pale kwa muuza vitunguu. Amesimama.