Baba Yako Anataka Kuuzunguka Mlima

Bigwa, Morogoro
Mfungo Tisa, mwaka 1328

Kwa mwanangu mpendwa Abasi, uliye Dodoma kwenye kazi ya reli,

Shikamoo yako niliipata ndani ya barua, nami naijibu hapa: marahaba baba, marahaba sana. U hali gani? Kifua chako je? Nasikia huko upepo wa baridi hauna hata mti wa kuuzuia. Lile blanketi jekundu unajifunika mwenyewe, au umeshampa mwenzio? Nakujua.

Sisi huku hatujambo. Bibi yako Pili hajambo, meno yamekwisha ila tambuu tunamtwangia, na ulimi wake ni ule ule. Dada yako Hidaya hajambo, na mwanawe Shamsia sasa anatembea, chungu hakikai mekoni. Mjomba wako Salehe hajambo, mguu aliochomwa na mwiba umepona. Mbuzi nao hawajambo, isipokuwa yule mweupe amekula pindo la kanga yangu mpya. Mahindi tumevuna, si haba. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, usingizi tu ndio unanikimbia.

Baba yako hajambo. Nimemweka mwisho kwa kuwa habari za leo ni zake.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi nilizofundishwa chuoni nikiwa mdogo, kwa hiyo penye makosa nisamehe. Sikutaka kumwomba mwalimu aniandikie. Maneno haya si ya kupita kinywa cha mtu mwingine.

Nilipokupa habari za tanga la shangazi yako Asia sikukueleza yote. Siku ya kuanua tanga walikuja watani, Wazigua wa Turiani, na mbele yao Hatibu, unamjua, yule mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Wakafanya ya utani: wakalala mlangoni tusipite, wakadai nyama, wakamlilia marehemu kwa kujipaka mate machoni. Tulicheka mpaka bibi yako akapaliwa. Mara Hatibu akaingia ndani, akatoka na ile fimbo ya baba yako ya utarishi, yenye ncha iliyopasuliwa ya kubania barua. Akatangaza kwamba msiba ni wa watu wawili. Asia amekufa mwaka huu, na Mikidadi tarishi alikufa siku gari la moshi lilipofika Morogoro, ila nduguze wamesahau kumzika. Basi fimbo ni urithi wa watani.

Watu wakaangua kicheko. Ilimpasa baba yako naye acheke, atoe kuku, arudishiwe fimbo yake, yaishe. Ndivyo tulivyoyakuta. Yeye akakasirika. Abasi, baba yako alimkasirikia mtani, hadharani, akamkamata kanzu kifuani.

Wazee wakasema ameharibu utani, atoe mbuzi. Akasema mbuzi hatoi, fimbo yake ataifuata kwa miguu. Hatibu naye hashindwi. Akasema vema, fimbo ataipeleka kwa dada yake aliyeolewa Kinole, nyuma ya mlima huu. Baba yako aondoke Bigwa baada ya sala ya alfajiri, apande mpaka juu kabisa, ateremke Kinole, aichukue, kisha arudi kwa chini akizungukia Mikese, afike sokoni Morogoro kabla ya adhana ya magharibi. Akiwahi, mbuzi atamtoa Hatibu, wala hatamwita marehemu tena.

Vijana wenye magoti mapya njia hiyo huilalia usiku mmoja. Baba yako ana mvi mpaka kwenye nyusi. Na siku wameshaiweka, ni ndani ya mwezi wa Rajabu, naye akaanza kupanda mlimani kila siku kujizoeza.

Ndipo nilipokuandikia ile barua fupi, kwamba baba yako anataka kuuzunguka mlima, nawe ukajibu kwamba baba ni mzee, apumzike, kazi ya miguu sasa inafanywa na reli. Nilimsomea. Nami nilifurahi, nikasema mwanangu ameniokoa, maana baba yako hanisikilizi mimi, hukusikiliza wewe. Yeye akakunja mkeka wake akatoka.

Tangu hapo hakwenda tena mlimani. Alikaa barazani akichonga mpini wa jembe, mpini usiokwisha, mpaka ukawa mwembamba kama mwiko. Ugali anauacha. Ukimsalimia anaitika, basi. Nikajiambia, si ndilo nililolitaka, mume yupo nyumbani? Mbona nyumba imekuwa kama ina mgonjwa?

Aliyemwinua ni Hatibu. Alikuja na mzigo wa miwa begani, akasimama uani, akasema amekuja kutazama jinsi maiti anavyokaa kitako. Nilidhani watashikana tena. Baba yako akamtazama kitambo, akauweka mpini chini, akachukua kibuyu cha maji. Wakaondoka pamoja.

Nami moyo haukutulia. Nikatia uji kwenye kibuyu nikawafuata, nikapanda mpaka pale juu ya mashamba ya migomba, penye mawe yanayovuja maji. Nikamwona anateremka. Mwanangu, hakuteremka kizee. Alikuja ubavuubavu, mikono wazi, mguu mmoja umeshalipata jiwe lake kabla mwenzake haujaachia. Hatibu amekaa kando anatafuna muwa, anampigia kelele.

"Ukifa hapa kaburi ninachimba mimi, ndiyo kazi ya mtani, na hapa ni mawe matupu. Usinivunjie jembe, Mluguru we."

"Mzigua na jembe mmejuana lini?" baba yako akamjibu bila kusimama, huku anacheka.

Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu gari la moshi lije. Niliketi nikaunywa ule uji mwenyewe.

Jioni nikamkanda magoti kwa mafuta ya nyonyo, nikamwuliza, "Baba Abasi, huko juu unamtafuta nani?"

Akasema, "Simtafuti mtu. Barua zimepata wa kuzibeba. Miguu hii nimebaki nayo, niiweke wapi?"

Nikaendelea kukanda.

Basi sasa tunajiandaa, na nitasema kweli, nyumba ina raha. Alfajiri namchemshia uji wa ulezi, anakunywa akiwa amesimama kama zamani. Siku hizi anapanda mpaka kileleni na kurudi, juzi aliniletea maua ya huko ambayo sijapata kuyaona, nikamwambia kwanza aoshe miguu. Makubadhi ameyaacha, anasema mlimani kidole kinaona kuliko jicho. Hatibu amehamia kwetu, anakula kama watu watatu na kututukana sote, na kila siku anamfuata nyuma akihema. Nikimwuliza mbona anamsaidia mtu ambaye akishinda atamla mbuzi wake, ananiambia nisiingilie mambo ya maiti na mtani wake.

Hofu bado ninayo, usidhani. Naogopa ukungu wa huko juu, naogopa chui, zaidi naogopa moyo wake, maana umri ni umri. Kwa hiyo mjomba wako Salehe atalala kileleni na kuwasha moto ili baba yako aione njia. Dada yake Hatibu ameahidi uji na chumvi pale Kinole. Akida naye ametoa ruhusa, baada ya kuuliza sana, kwani tangu vile vita vya maji akiona watu wamekusanyika hawi na raha. Yaliyo juu yangu nimeyafanya. Lililobaki liko kwako.

Baba yako hajalisahau neno lako. Halisemi, lakini kila gari likilia yeye huvaa kofia akaenda stesheni, anasema anakwenda kutazama watu. Anarudi mikono mitupu, ananiuliza kama chumvi ipo. Sijapata kumwona mtu anayeulizia chumvi hivyo. Najua anachokingoja. Atauzunguka mlima hata usipoandika, ila atakwenda akiwa na uzito ambao magoti yale hayauwezi, kwamba mwanawe anamwona kichekesho.

Nami nilikuwa upande wako, Abasi. Sasa nimehama. Usimwandikie apumzike. Mwandikie kama mtu anayemwandikia tarishi aliye kazini, umwulize njia ikoje, umwambie akanyage vizuri. Maneno machache yatatosha, atayabeba. Wala usitaje kwamba mama amekuomba.

Bibi yako Pili anakusalimu, anasema uoe. Hidaya na Shamsia wanakusalimu, mjomba wako Salehe anakusalimu, na Hatibu anasema hakusalimu, ulimnyima ugoro mwaka juzi. Mungu akuzibie njia zote za shari, akufungulie za heri, akurudishe kwangu una afya.

Mimi mama yako, nikupendaye kila pumzi,
Mwanaheri

Andika upesi, mwanangu, barua ije na gari la kwanza utakaloliona. Baba yako ametoka sasa hivi na kofia yake kwenda stesheni, nawe hata kalamu bado hujaishika.