Boksi la Besi

Kwako binti yangu mkaidi, uliyerithi ukaidi kwa mama yako,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nimeunda boksi la besi, la spika mbili pana kama sinia. Mbao nene, gundi kila kiungo, na tundu la kupumulia. Mama yako analiita jeneza la watu wawili.

Nilipoliwasha, kimya. Nikalifungua mara tatu, nikabadili nyaya, nikamtukana muuza spika na ukoo wake. Mama yako akanigusa bega, akanionyesha kabati: vikombe vinacheza. Mlangoni jirani, yule mwenye sauti nzito, anafungua na kufumba mdomo kama samaki. Nikamwambia aache kunong'ona.

Basi usininunie kwa kutopokea simu. Maneno yako yananifikia yamesagika, nami naona haya kuitikia kama niliyesikia. Daktari wa masikio anasema sauti nzito zimetangulia kuondoka, nyembamba zitafuata. Yako nyembamba, tangu utotoni ukilia kama filimbi. Sikio la kulia bado linaipata kwa karibu.

Njoo mwezi huu, uniseme vizuri.

Babako, fundi wa jeneza